Nguzo Chini ya Mlima wa Moto

Tazameni nyumba, kisha tazameni mlima. Nyumba ina mistari iliyonyoka. Ukuta wake umesimama wima, mlango wake una pembe nne, na mabati yake yamekatwa sawasawa. Fundi aliipima kwa kamba na timazi kabla ya kuijenga. Lakini mlima haukupimwa na mtu. Mgongo wake unapanda na kushuka, miti yake imeota bila safu, mawe yake yamelala ovyo, na wingu lililo juu yake halikai hata dakika tano bila kubadilika.

Mtoto anayechora nyumba aweza kutumia rula. Akichora mlima kwa rula, wenzake watamcheka. Je, akitaka kuchora nyumba na mlima katika karatasi moja? Hapo kazi inakuwa ngumu, na hapo pia inakuwa tamu.

Wachoraji wa Ulaya walishughulika na jambo hilo kwa miaka mingi, hasa katika karne ya 17 na ya 18. Walichora majengo ya kale yenye nguzo, wakayaweka kati ya miamba, misitu, maporomoko ya maji na milima ya moto. Mtu wa Goma akiiona michoro hiyo, haitakuwa migeni sana machoni pake. Mji wake nao umekaa hivyo: upande mmoja ziwa Kivu, upande mwingine mlima Nyiragongo, na katikati kazi ya mikono ya watu.

Nguzo iliyopimwa kwa wayo

Yafaa kwanza kujua nguzo hizo zilikuwa za namna gani. Zamani, kabla ya Kristo kuzaliwa, Wayunani na Warumi waliwajengea miungu yao mahekalu ya mawe. Mbele ya hekalu, na mara nyingi pande zote, walisimamisha nguzo ndefu za mviringo ili zibebe paa. Kila nguzo ilikuwa na kiwiliwili na kichwa, na nyingi zilikuwa na mguu pia, kama mtu.

Zilikuwa za namna tatu. Nguzo ya Doriki ni nene na ya nguvu, na kichwa chake hakina pambo. Ni kama sahani nzito iliyowekwa chini ya boriti. Nguzo ya Ioniki ni nyembamba zaidi, na kichwa chake kina mikunjo miwili kama pembe za kondoo dume. Nguzo ya Korinto ndiyo yenye fahari kuliko zote. Kichwa chake kimezungukwa na majani yaliyochongwa katika jiwe.

Fundi mmoja wa Kirumi, jina lake Vitruvius, aliandika kitabu kikubwa juu ya ujenzi, katika karne ya kwanza kabla ya Kristo. Yeye asema kwamba watu wa kale walipotaka kujua nguzo ya Doriki iwe na kimo gani, walipima wayo wa mwanamume. Waliona kuwa kimo cha mtu ni mara sita ya wayo wake. Basi wakafanya nguzo iwe na urefu mara sita ya unene wake wa chini. Mwanafunzi aweza kujaribu mwenyewe. Apime wayo wake kwa kamba, kisha rafiki yake ahesabu ni nyayo ngapi toka kisigino hadi utosi. Wengi watapita sita kidogo, maana mtu si nguzo.

Juu ya nguzo ya Korinto, Vitruvius asimulia hadithi. Msichana mmoja wa mji wa Korinto aliugua akafa. Yaya wake alikusanya vikombe ambavyo msichana alivipenda, akavitia katika kikapu, akakiweka juu ya kaburi. Juu ya kikapu aliweka kigae ili mvua isiingie. Kumbe chini ya kikapu palikuwa na mzizi wa mmea wa porini uitwao akantho. Majira yalipofika, mmea uliota, majani yakapanda kando ya kikapu, yakafika kwenye pembe za kigae, yakajikunja. Mchongaji aitwaye Kallimachos alipita pale, akasimama, akatazama. Kisha akaenda kuchonga kikapu kile na majani yale katika kichwa cha nguzo.

Labda mambo hayakuwa hivyo hasa. Lakini nguzo za Korinto zipo hata leo, na majani yake ni ya akantho kweli. Jani la porini limeingia ndani ya jengo, nalo limepangwa safu kwa safu kama wanafunzi mbele ya darasa.

Maporomoko ya Tivoli

Mashariki ya Roma, mwendo wa kilomita 30 hivi, upo mji wa Tivoli. Umejengwa juu ya jabali. Mto Aniene unapita pale na kuanguka bondeni kwa kishindo. Ukingoni kabisa mwa jabali limesimama hekalu dogo la mviringo, lenye umri wa miaka zaidi ya elfu mbili. Hapo kale lilikuwa na nguzo 18 za Korinto, 10 zimebaki. Wengine huliita hekalu la Vesta, wengine hekalu la Sibila. Kwa karne nyingi Wakristo walilitumia kuwa kanisa, na labda ndiyo sababu mawe yake hayakuchukuliwa yote kujengea nyumba nyingine.

Hakuna mahali pengi duniani palipochorwa mara nyingi kama hapo. Kwa nini? Kwa sababu mambo mawili yasiyofanana yamesimama bega kwa bega. Juu kuna duara la nguzo, kila moja sawa na mwenzake. Chini yake jabali limepasuka, maji yanaruka, vichaka vinaning'inia.

Mmoja wa waliofundisha wengine namna ya kuchora nchi ni Claude Gellée, ambaye watu walimwita Claude Lorrain kwa jina la nchi alikozaliwa. Alikaa Roma karibu maisha yake yote, akafia huko mwaka wa 1682. Yasimuliwa kwamba alitoka nje ya mji kabla jua halijachomoza, akakaa mashambani ili aone jinsi mwanga unavyobadilika toka alfajiri hadi usiku. Wachoraji wa karne ya 18 waliitazama kazi yake kama mwanafunzi anavyotazama ubao.

Kwake walijifunza kugawa mchoro kwa umbali. Karibu na mtazamaji waliweka kitu cheusi, kwa mfano mti mkubwa ulioinama upande mmoja, au jiwe lenye kivuli. Katikati waliweka jengo, nalo wakalipa mwanga. Mbali waliweka mlima, wakauchora kwa rangi hafifu, karibu na rangi ya anga. Jicho linaanza gizani, linavuka kwenda kwenye nguzo zinazong'aa, kisha linapotelea mbali. Karatasi haina kina hata cha unywele, lakini mtazamaji aona kana kwamba aweza kutembea ndani yake siku nzima.

Mwaka wa 1760 kijana Mfaransa, Jean-Honoré Fragonard, alikaa Tivoli majira yote ya joto. Alichora kwa chaki nyekundu. Mwenzake Hubert Robert, Mfaransa pia, aliishi Italia miaka kumi na moja, toka 1754 hadi 1765, akachora magofu mengi hata watu wa Paris wakampa jina la Robert wa Magofu. Chaki nyekundu huonyesha vizuri sana tofauti ya mawe na majani. Kwa nguzo, mkono unakwenda polepole, mstari mmoja chini, mwingine kando yake, na kivuli kinatiwa upande mmoja tu ili nguzo ionekane mviringo. Kwa majani, mkono unakimbia, unarudi, unazunguka, unaruka. Mtu akitazama kwa makini aweza kujua mkono ulitulia wapi na ulicheza wapi.

Lakini wachoraji hao walipenda zaidi pale ambapo mambo hayo mawili yanagusana. Jiwe la juu limeanguka, na katika ufa wake mtini umeota. Ngazi zilizonyoka zimekatika, na mbuzi amelala juu yake. Hapo rula huwekwa chini, maana hata jengo limeanza kuwa porini.

Nao hawakusahau watu. Katika michoro ya Robert mara nyingi wanaonekana wanawake wakifua nguo kati ya nguzo kubwa, wakianika shuka penye magofu. Watu hao ni wadogo, wengine si warefu kuliko ukucha. Kazi yao ya kwanza ni kuwa kipimo. Bila wao mtazamaji hajui kama nguzo ina mita mbili au mita ishirini. Kazi yao ya pili ni kuonyesha kwamba maisha hayakukoma pale. Mfalme aliyejenga amesahauliwa, lakini nguo zinafuliwa.

Mto ule wa Tivoli haukuwa wa kuchorwa tu. Mwaka wa 1826 ulifurika, ukabomoa nyumba za mji. Hapo watu waliona kwamba maji yakiachwa hivyo, siku moja mji utaporomoka bondeni pamoja na hekalu lake. Basi mafundi walitoboa mlima, wakafanya njia mbili za chini kwa chini, na mwaka wa 1835, Baba Mtakatifu Gregorio wa 16 akiwako, mto ukapitishwa humo. Tangu siku hiyo maji mengi huanguka mahali pengine, mbali kidogo na nyumba, toka juu mita mia moja na zaidi. Kwa hiyo mchoro wa mwaka wa 1760 na mchoro wa mwaka wa 1840 havifanani. Hekalu ni lile lile. Maporomoko yaliyo makubwa na kutisha kuliko yote, yale yanayoonekana kuwa kazi ya Mungu peke yake, njia yake ilichimbwa na watu wenye sururu.

Mlima Vesuvio

Kusini mwa Roma, karibu na mji wa Napoli, uko mlima wa moto uitwao Vesuvio. Ni mfupi sana kuliko Nyiragongo. Kimo chake hakifiki mita 1,300, na Nyiragongo una mita 3,470. Lakini mwaka wa 79 baada ya Kristo Vesuvio ulitapika majivu na mawe mepesi, ukaifunika miji ya Pompeii na Herculaneum pamoja na watu wake. Pompeii ilizikwa chini ya mita nne hadi sita za majivu. Mashamba yakalimwa juu yake, na watu wakasahau.

Mwaka wa 1738 wachimbaji walianza kazi Herculaneum, na mwaka wa 1748 walianza Pompeii. Walikuta njia, maduka, mahekalu, mikate iliyoungua, kuta zenye picha. Habari hiyo ilienea Ulaya nzima. Mafundi wa ujenzi wakaanza tena kujenga kwa nguzo kama za kale, nao wachoraji wakaja kwa wingi. Walichora nguzo zilizofukuliwa, na nyuma ya nguzo walichora mlima uliozifukia, ukiendelea kutoa moshi.

Balozi wa Uingereza huko Napoli, William Hamilton, alifika mwaka wa 1764. Alipanda Vesuvio mara nyingi kuliko kazi ya balozi ilivyomtaka. Alimchukua mchoraji Pietro Fabris ili achore kila kitu: mdomo wa mlima, tabaka za majivu, vipande vya mawe. Michoro hiyo ilitiwa rangi kwa mkono, ikatolewa katika kitabu mwaka wa 1776. Hapo kuchora hakukuwa mchezo wa kupendeza macho tu. Mtu aliyeweka mchoro wa mdomo wa mlima wa mwezi jana karibu na wa mwezi huu, aliweza kuona mlima umebadilika wapi. Mfaransa Pierre-Jacques Volaire alipenda zaidi usiku. Alipaka rangi moto wa Vesuvio ukitiririka, mwezi mweupe upande mmoja, moto mwekundu upande wa pili, na watu wadogo weusi wakinyoosha mikono.

Karibu na hapo, katika mji wa Pozzuoli, zimesimama nguzo tatu za marmar. Zilifukuliwa mwaka wa 1750. Watu waliziita hekalu la Serapis. Baadaye ilijulikana kwamba palikuwa soko. Nguzo hizo ni laini toka chini hadi mita tatu na nusu hivi, kisha juu ya hapo zimetobolewa vitundu vingi. Aliyetoboa ni konokono? Ni mdudu wa nchi kavu? Hapana. Ni chaza wadogo wa baharini, ambao hutoboa mawe yaliyo ndani ya maji ya chumvi. Basi ardhi yote ya mahali pale ilishuka polepole hata nguzo zikaingia baharini, kisha ikapanda tena na kuzitoa, nazo hazikuanguka. Fundi wa Kirumi alizisimamisha zibebe paa la soko. Bila kujua, alikuwa amewaachia wenye elimu rula ya kupimia pumzi ya dunia.

Tena, jambo hili si dogo: Warumi wenyewe walijenga kwa msaada wa milima ya moto. Walichanganya chokaa na majivu ya volkano, hasa yale ya Pozzuoli, wakapata udongo mgumu kama jiwe, unaoshika hata ndani ya maji. Kwa ujuzi huo walijenga bandari na makuba. Jengo la Pantheon huko Roma, lililogeuzwa kuwa kanisa mwaka wa 609, lina kuba lenye upana wa mita 43, na sehemu yake ya juu imetengenezwa kwa mawe mepesi ya volkano ili lisiwe zito. Kwa hiyo wachoraji walipoweka jengo upande mmoja na mlima wa moto upande wa pili, kana kwamba ni maadui, hawakusema habari yote.

Goma

Hubert Robert alifanya jambo moja la ajabu. Mwaka wa 1796 alichora ukumbi mkubwa wa jumba la Louvre huko Paris ukiwa gofu: paa limeanguka, anga linaonekana, majani yameota. Lakini ukumbi ule haukuwa umebomoka. Ulikuwa mzima, naye mwenyewe alikuwa mmoja wa watunzaji wake. Alitaka tu kuona utafanana na nini baada ya miaka mingi. Watu wakapendezwa. Ni rahisi kupendezwa na gofu la kuwaziwa, kwa sababu hakuna aliyelala nje usiku ule.

Magofu ya Goma si ya kuwaziwa. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la moto lililokuwa ndani ya mdomo wa Nyiragongo lilimwagika kwa muda usiofika saa moja, likaua watu vijijini. Lava ya mlima huu si nzito kama ya milima mingi. Ni laini kama uji, nayo hukimbia. Tarehe 17 Januari 2002 mlima ulipasuka tena upande wa kusini. Nyufa zilishuka kuelekea mjini, na lava ikapita Munigi, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikakata katikati ya mji, ikaingia ziwa Kivu. Karibu sehemu moja kwa nane ya mji ilifunikwa. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia, wengi wakivuka mpaka kwenda Gisenyi, mama na mtoto mgongoni, baba na godoro kichwani. Kando ya ziwa ardhi yenyewe ilishuka, kama ile ya Pozzuoli.

Katika njia ya moto lilikuwako kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, kanisa la Askofu. Jimbo la Goma lilianzishwa mwaka wa 1959, na waumini wengi walikuwa wamebatizwa na kuozwa katika kanisa hilo. Lava iliingia. Paa likaenda. Baadhi ya kuta zilibaki zimesimama juu ya jiwe jeusi, wazi kwa mvua, na nyuma yake, siku isiyo na mawingu, mlima ukionekana.

Mgeni aliyezoea michoro ya kale angesema: tazama, hii ni picha ya Volaire, hii ni picha ya Robert! Ukuta ulionyoka mbele, mlima nyuma, watu wadogo katikati. Angesema kweli kwa macho. Lakini wachoraji wa Tivoli walikuta gofu lililopoa tangu miaka elfu na zaidi. Waliojenga, waliolia na waliohama walikuwa wamekufa wote. Gofu la Goma lilikuwa bado lina moto chini yake, na mwenye nyumba alikuwa amesimama hapo hapo akitafuta mahali palipokuwa mlango wake.

Tena katika michoro ile watu hukaa tu kati ya magofu. Wanafua, wanachunga, wananyoosha kidole. Watu wa Goma hawakukaa hivyo. Baada ya siku chache tu walianza kurudi, na wengine walitembea juu ya lava ambayo bado ilichoma nyayo za viatu. Mahali pengine lava ilikuwa na unene wa mita mbili, haiwezi kuondolewa. Basi wakajenga juu yake. Nyumba ya ghorofa iliyozikwa chini ikatumiwa kwa juu, na dirisha la zamani likawa mlango. Wengi walisimamisha nyumba za mbao, kwa sababu mbao ni rahisi kubeba mtu akihama tena.

Kisha wakashika nyundo. Lava iliyopoa ni jiwe jeusi lenye vitundu, gumu lakini lavunjika. Watu waliivunja vipande, wakavipanga kwa ukubwa, wakaviuza. Chukudu za mbao zilibeba mzigo. Kwa mawe hayo zilijengwa misingi, kuta za viwanja, ngazi, nyumba nzima. Mtu anayepita leo katika njia za Goma huona kuta nyeusi zilizopangwa vizuri, na kati ya mawe mistari ya saruji iliyochorwa kama ramani. Mafundi waliozijenga ni ndugu wa wale Warumi waliochanganya chokaa na majivu.

Tarehe 22 Mei 2021, usiku, Nyiragongo ulimwagika mara nyingine. Lava ilifika karibu na mji upande wa kaskazini, ikasimama kabla ya kufika uwanja wa ndege. Vijiji viliungua, watu walikufa, wengi walihama kwa siku nyingi. Nao walipopata nafasi walirudi, na sauti za nyundo zikasikika tena.

Juu ya lava ya zamani kidogo, mahali pasipojengwa, kitu kingine kimeanza bila nyundo. Kwanza hushika ukoga wa kijivu, mkavu kama magamba. Kisha katika nyufa, panapokaa vumbi na maji ya mvua, kangaga huota. Baada ya miaka huja vichaka, na mwishowe miti. Mwenye macho mazuri aweza kuisoma miaka ya mlima kwa rangi: nyeusi tupu, kijivu, kijani.

Sasa mwanafunzi wa Goma atachoraje nchi yake? Mahali pazuri pa kukaa ni juu, kwa mfano kilima cha Goma kilicho karibu na bandari, ambacho nacho ni mtoto wa volkano. Asikae katika mashimo na mabonde madogo, hasa asubuhi kukiwa hakuna upepo, maana katika sehemu nyingine za nchi hii hewa mbaya iitwayo mazuku hutoka ardhini na kujaa mabondeni, haionekani wala hainuki, nayo huua.

Akiisha kukaa, aelekee kaskazini. Mbele aweke kitu cheusi: ukuta wa mawe ya lava, au mti. Katikati aweke mabati ya mji yanayong'aa, na hapo mistari iwe imenyoka. Mbali, kilomita 18 hivi, aweke Nyiragongo, kilele chake kimekatwa kama chungu kisicho na shingo. Asiuchore kwa wino mzito. Upande wa kulia, mbali zaidi, kama hewa ni safi, ataona Mikeno na Karisimbi. Watu awaweke pia, lakini asiwafanye wadogo mno. Mmoja awe na nyundo.

Afanye haraka. Mfaransa Pierre-Henri de Valenciennes, aliyezaliwa mwaka wa 1750, alikuwa mwalimu mkubwa wa kuchora nchi. Yeye pia alipaka rangi moto wa Vesuvio wa mwaka wa 79, katika picha ya mwaka wa 1813. Lakini alipokuwa kijana huko Roma alikwenda nje na karatasi ndogo, akapaka rangi mawingu, paa za nyumba, miti miwili tu. Mwaka wa 1800 alitoa kitabu cha kufundishia, na humo aliwaonya wanafunzi kwamba mchoro wa nje usipite saa mbili, na kama ni wakati wa jua kuchomoza au kutua, usipite nusu saa. Baada ya hapo vivuli vimehama, na mwenye kuchora anachanganya asubuhi na mchana katika karatasi moja.

Kwa Goma nusu saa ni nyingi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mlima wote uko wazi. Saa moja ukungu unaanza kupanda toka msituni. Mwanafunzi aanze na mlima basi, wala asianze na nyumba. Nyumba zitakuwapo mchana kutwa.